Popote Penye Watu Wenye Midomo

Juu ya duka la mapazia
4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, anasema ameanza kukuhesabu miongoni mwa majirani waliohama. Goti lake sasa linakubali kupanda ngazi lakini linakataa kushuka, kwa hiyo akishafika juu tunakaa naye kama mgeni wa heshima mpaka litakapobadili mawazo. Mkaza mjomba hajambo? Na kuku wake?

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei. Ukipokea unasema uko kwenye kikao, na nyuma yako namsikia mkaza mjomba akiuliza kama kikao hicho kitamaliza kuosha sufuria.

Jambo lenyewe ni hili. Nimeacha kazi kwa Magego. Kwa nini, nitakueleza siku nyingine. Wewe ndiye uliyenishika mkono miaka tisa iliyopita ukanipeleka kwenye karakana yake ya meno ya bandia, hapo hapo mjini kwako, nikiwa sijui jino la mbele wala la nyuma. Ulimwambia, "Huyu ana vidole." Leo nikipewa umbo la plasta la kinywa cha mtu nisiyemwona, nitakuambia anatafunia upande gani na kama ana hasira. Basi vidole hivyo sasa vimefungwa kamba.

Daktari wa meno mmoja wa upande wa pili wa mji huu alinitaka kwenye kliniki yake. Amenitengea chumba kidogo chenye dirisha, jiko la kuyeyushia nta, na mashine ya kung'arishia ambayo bado ina karatasi ya dukani. Nilianza Jumatatu. Alhamisi ikaja barua ya Magego: nikishika jino popote, atanishtaki mimi na aliyenipa jino hilo. Daktari ni mtu mpole. Alinipa chai, akaniambia nirudi nikishalimaliza jambo hili.

Kumbe mkataba niliosaini Magego aliponihamishia tawi la huku una Ibara ya Kumi na Moja. Sikuisoma. Nilikuwa na nta vidoleni, na Magego amesimama mlangoni akitikisa funguo. Alama ya kidole changu ipo mpaka leo juu ya sahihi, hata siwezi kusema si mimi. Nakunakilia neno kwa neno:

"Mfanyakazi, akiisha kuacha au kuachwa na kazi, kwa hiari, kwa shuruti, au kwa namna nyingine yoyote iliyokwisha kubuniwa au itakayobuniwa, hatajihusisha, awe macho au usingizini, na kazi ya meno, wala kazi inayofanana na meno, wala inayoelekea kufanana nayo, mahali popote penye watu wenye midomo, kwa muda wa miaka mitano mfululizo bila kupumzika."

Wewe huko unaitwa Wakili. Nisaidie, mjomba. Kazi nyingine siijui, na hii naijua kweli kweli.

Mpwa wako

*

Barazani, mbele ya mahakama
19 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba sana. Usinune kwa kuchelewa. Kwanza utepe wa taipureta ulikauka. Ulipopatikana utepe, mjusi alikuwa ameingia ndani ya mashine na kukataa kutoka kwa hoja yoyote niliyomtolea. Mvua nazo. Mkaza mjomba wako hajambo; kuku wake mmoja ameanza kutaga kwenye kofia yangu, na mwenye kofia ndiye aliyeambiwa atafute mahali pengine. Mdogo wako wa mwisho amefaulu hesabu, jambo lililotushtua sote mpaka tukaomba karatasi isahihishwe upya. Mwambie dada simsahau, ila hili la goti asilifanye sababu ya kukaa bure.

Sasa twende kwenye ibara. Unajua mimi cheti sina, nina dirisha. Miaka ishirini na miwili nimekaa na meza yangu chini ya dirisha la mahakama hii, na kila lililosemwa ndani limenipitia sikioni kabla ya kwenda zake. Kwa hiyo niliisoma kwa utulivu. Mara ya kwanza kama mjomba. Mara ya pili kama mtaalamu. Mara ya tatu niliisoma kwa sauti, maana kuna sentensi ambazo ni haki yake zisomwe kwa sauti.

Ni ibara nzito, mpwa wangu. Aliyeiandika hakuwa mtu wa hivi hivi. Angalia alivyoziba kila tundu: macho au usingizini! Wengi wangesahau usingizi.

Ushauri wangu: rudi kwa Magego, muombe radhi, umwambie ulikuwa na homa. Au vumilia. Miaka mitano si mingi. Mimi nina sita nasubiri kupaka rangi choo na sijaona tofauti. Na hukuniambia kwa nini uliacha kazi. Mteja akimficha wakili wake, wakili atafanya nini?

Mjomba wako,
Wakili

*

Juu ya duka la mapazia
2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama ameisoma barua yako, akaniuliza mara mbili kama nina hakika wewe ndiye mjomba wangu na si wa Magego. Goti lake linaendelea na msimamo wake.

Sikurudi kwa Magego. Nilipata kibarua kwa fundi wa dari, namkorogea plasta ya mapambo, yale maua ya kuzunguka taa. Siku ya tatu mtu wa Magego alipita, akachungulia kwenye ndoo, akasema, "Hiyo plasta ni ileile." Fundi wa dari ana watoto sita na hataki kesi. Aliniambia, "Dada, maua yako ni mazuri sana, yana fizi," akanilipa siku zangu, tukaagana.

Sasa namsaidia mama mwenye nyumba, duka la chini, kushona pete za mapazia. Mtu wa Magego alipita na huko. Alizitazama pete kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anajiuliza kama zinaelekea kufanana na meno. Na mimi najiuliza, kwa hiyo nakuuliza wewe mtaalamu:

Kazi inayofanana na meno ni ipi? Na "inayoelekea kufanana" ni ipi? Mahali pasipo na watu wenye midomo ni wapi, nikahamie? Na nikiota nasugua gego kwa msasa, nimevunja mkataba, au mpaka niamke?

Daktari amesema atanisubiri mpaka mwisho wa Agosti. Zaidi ya hapo hawezi. Ana wazee kumi na wanne wanaokula uji na kumlaumu yeye. Mwisho wa Agosti, mjomba. Baada ya hapo nitashona pete mpaka nitimize miaka mitano, na vidole vitakuwa vimesahau.

Kwa nini niliacha, bado nitakueleza siku nyingine.

Mpwa wako

*

Barazani
20 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Naandika haraka kwa sababu nimepatwa na msiba mdogo.

Meno yangu ya juu, yale uliyonitengenezea kwa mkono wako mwaka ulipomaliza mafunzo, yamevunjika katikati. Sikuwa nakula. Nilikuwa nafikiri. Unajua nikifikiri huwa nauma kalamu, na siku hiyo nilikuwa nafikiria maswali yako ya ile barua. Nilipofika kwenye "mahali pasipo na watu wenye midomo" nikasikia pwaa! Nikadhani ni kiti.

Tangu siku hiyo mkaza mjomba wako anasema ninafanana na mfuko uliokazwa kamba. Biashara imeyumba. Mteja akija namwambia, "Karibu, tatizo lako nini?" anajipangusa uso na kitambaa kabla ya kujibu. Jana mzee mmoja alikuja kuandikiwa barua ya madai ya shamba, nikamsomea nilichoandika, akacheka mpaka akasamehe shamba.

Hapa mjini fundi ni Magego tu, na kwake kwa sasa sioni vizuri kwenda. Sababu zipo. Basi nakutumia meno hayo kwenye kopo hili la biskuti, vipande vyote viwili, nimevifunga kwenye pamba. Nitengenezee haraka, mama. Kazi ya nusu saa kwako.

Kuhusu maswali yako, ni maswali mazuri. Sheria ina kina. Huenda aliyeandika hakuwa na nia mbaya. Huenda alikuwa na siku ndefu, na mashine nzuri mbele yake, na upepo umetulia. Mambo haya hutokea. Nitayachunguza.

Msalimie dada.

Mjomba wako,
Wakili

*

Juu ya duka la mapazia
1 Julai

Kwa Mheshimiwa Wakili,

YAH: KOPO MOJA LA BISKUTI LENYE VIPANDE VIWILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa mujibu wa Ibara ya Kumi na Moja ninasikitika kukujulisha kwamba siwezi kushika, kugundisha, kusugua wala kuyatazama kwa jicho la kifundi meno yaliyotajwa, niwe macho au usingizini, kwa kuwa wewe ni mtu mwenye mdomo. Nayarejesha kama yalivyokuja. Muda uliobaki ni miaka minne na miezi minane. Wakati huo, uji unapendekezwa.

Wako mtiifu,
Mfanyakazi

Sasa, mjomba, shikamoo, tuzungumze.

Nilijua tangu mwanzo. Kabla ya ile barua ya Machi nilishajua. Kadi za arusi ya dada yangu uliandika wewe, unakumbuka? "Mnaombwa kufika wenyewe, kwa miguu, kwa gari, au kwa namna nyingine yoyote iliyokwisha kubuniwa au itakayobuniwa." Barua ya rambirambi kwa wakwe zetu: "Tuko pamoja nanyi, muwe macho au usingizini." Hakuna mtu mwingine chini ya jua anayeandika hivyo. Niliposoma ibara ile kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yako kabisa, na kikohozi chako mwishoni. Nikacheka peke yangu chumbani. Halafu nikakumbuka ibara hiyo inamhusu nani.

Nilikuandikia ili uniambie mwenyewe. Ukaniambia aliyeandika si mtu wa hivi hivi.

Nimekwenda ofisi ya msaada wa sheria, nyuma ya posta. Kuna wakili mwanamke pale, wa kweli, mwenye cheti ukutani. Huvua viatu chini ya meza na husoma mkataba na penseli mdomoni. Alipofika Ibara ya Kumi na Moja penseli ilianguka. Aliniuliza, "Hii imetafsiriwa kutoka wapi?" Nikamwambia haijatafsiriwa, ni ya kwetu.

Anasema mwajiri anaweza kulinda kilicho chake, kama wateja wake na siri zake, kwa muda unaoeleweka na eneo linaloeleweka. Hawezi kumkataza mtu kuishi kwa ufundi wake. Lakini Magego amejibu kwa maandishi kwamba ibara iliandaliwa na "mwanasheria bingwa", kwamba bingwa huyo aliwakalisha wafanyakazi akawaelimisha mmoja mmoja, na kwamba miaka mitano ilipimwa kitaalamu. Wakili anasema tungempata huyo bingwa aseme mwenyewe ilivyokuwa, tungekuwa mbali sana.

Bingwa, ulinielimisha lini? Huenda nilikuwa usingizini.

Mpwa wako

*

Nyumbani, jikoni
5 Julai

Mpwa wangu,

Barua yako imefika asubuhi na hii inaondoka mchana. Utaona utepe haukukauka na mjusi hakuonekana.

Ni mimi.

Magego alikuja barazani mwaka ule anafungua tawi la huko. Alitaka mikataba arobaini. Alikuwa ameniandikia kwa mkono wake, nyuma ya risiti ya plasta, anachotaka kwenye hilo la ushindani. Maneno yake yote ni haya: "Wasichukue wateja wangu. Mwaka mmoja. Mji walipofanyia kazi." Basi. Mtu wa vitendo.

Sasa sikiliza jinsi mjomba wako alivyo mpumbavu. Mimi nalipwa kwa ukurasa. Maneno ya Magego yalichukua mstari na nusu, na chini yake kulikuwa na ukurasa mtupu umenitazama kama mgeni ambaye hajapewa kiti. Ningeuacha, lakini sikuweza. Mwaka mmoja niliona ni mdogo, haupendezi kwa macho, nikaandika mitano. "Mji" lilikuwa neno la kawaida mno. Nikatafakari. Wakati ule ule mama mmoja akapita anauza karanga anaita wateja, nikatazama mdomo wake, na hapo ndipo ilipokuja ile "popote penye watu wenye midomo". Nilisimama, mpwa wangu. Nilizunguka meza. Nilimsomea mkaza mjomba wako jioni hiyo. Aliniuliza kama nimenunua chumvi.

Magego hakuisoma. Aliupima mkataba kwa mkono, akaona una uzito, akaniita Wakili. Yeye ndiye wa kwanza kuniita hivyo. Kesho yake baraza zima likafuata. Sikuwahi kumwelimisha mtu. Hata ndani ya karakana yake sikuingia siku hiyo.

Kila nakala niliacha mstari mtupu wa jina la mfanyakazi. Nakala arobaini, mistari arobaini. Nilijua umekuwa fundi wake na nilijua anakupeleka huko. Lakini nakuapia, sikujiuliza hata mara moja nani atakaa kwenye ule mstari. Nilikuwa nautazama uwe umenyooka.

Ile risiti ninayo. Mimi situpi karatasi. Mkaza mjomba wako anaweza kukutolea ushahidi na machozi. Iko kwenye sanduku, kati ya kadi zangu za kliniki na barua za baba.

Ila usiniombe nije nayo huko. Nikisimama mbele ya watu nikasema mimi si wakili, kesho barazani nitakuwa nani? Nina miaka sitini na mmoja. Jina hilo ndilo suti yangu pekee.

Nipe siku nifikiri. Kalamu nimeifunga kabatini.

Mjomba wako

*

Juu ya duka la mapazia
18 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mama amesikia yote. Alicheka mpaka goti likashuka ngazi lenyewe. Baadaye akalia kidogo, akasema hata mlipokuwa watoto ulikuwa ukitumwa kusema neno moja kwa jirani unarudi umeahidi ng'ombe.

Mimi sina haki ya kukucheka sana. Uliniuliza kwa nini niliacha kazi. Mwaka jana Magego alinifanya mkuu wa karakana. Walikuja wasichana wanane wapya. Akanipa mikataba nigawe. Mmoja wao, mdogo wa mwili, mpole, aliniuliza, "Dada, hii ya kumi na moja maana yake nini?" Nikamwambia, "Ni karatasi tu, saini tuendelee, plasta inaganda." Sikuisoma hata siku hiyo. Plasta kweli ilikuwa inaganda.

Januari mama yake akaugua, akaacha kazi, akarudi kwao. Shangazi yake ana kibanda cha kukarabati meno. Magego akamtumia barua. Yule msichana hakunilaumu. Aliniandikia tu, "Dada, ile karatasi imekuja." Ndipo nikaisoma. Ndipo nikakusikia wewe unakohoa. Na ndipo nikaacha kazi, maana sikujua nitawatazama vipi wale saba.

Kwa hiyo wewe uliandika, mimi nikagawa. Tumefanya kazi nzuri kama familia.

Msuluhishi wa ofisi ya kazi ametupangia tarehe 14 Agosti, saa tatu asubuhi, ghorofa ya kwanza, mlango wenye ndoo inayokinga maji. Wakili anasema hata usipokuja tutajaribu. Siombi. Nakupa saa na mlango tu.

Mpwa wako

*

Kliniki, chumba chenye dirisha
22 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Uliondoka bila kuaga na bila kusikia mwisho. Mama alikuwa amekupikia, tukala sisi, ukasemwa wewe.

Acha nikueleze tulivyokuona. Ulipoingia na lile koti la arusini, mdomo umeufumba kama bahasha, Magego alitabasamu akakuvutia kiti upande wake. Alidhani umekuja kwa ajili yake. Ukakaa! Mimi na wakili wangu tulitazamana; akatafuta viatu vyake kwa miguu chini ya meza.

Msuluhishi akamuuliza Magego, "Kazi inayoelekea kufanana na meno ni ipi?" Magego akaisoma ibara, akairudia, akageuza karatasi kama jibu lipo nyuma. Akasema, "Mwanasheria wangu ndiye anayejua."

"Yuko wapi?"

Nawe ukanyoosha mkono. Kama mtoto wa shule, mjomba.

"Wewe ni mwanasheria?"

"Hapana, mheshimiwa. Mimi ni mpiga taipu." Bila meno ya juu ilitoka na upepo mwingi, akakuomba urudie. Ukarudia. Ukasimama kabisa ukarudia mara ya tatu, hakuna aliyekuomba hiyo.

"Na miaka mitano ilipimwaje?"

"Haikupimwa, mheshimiwa. Ukurasa ulikuwa mtupu."

Ukatoa risiti. Magego akautambua mwandiko wake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akakosa la kufanya na funguo zake. Msuluhishi aliisoma yote, haikumchukua muda. Akasema, "Bwana, ulitaka mstari mmoja na nusu. Kwa nini unamdai huyu binti ukurasa mzima?" Wakati huo wewe ulikuwa unatafuta mlango.

Haya ndiyo uliyokosa. Tulikubaliana kabla ya saa sita. Sitawafuata wateja wa Magego, mwaka mmoja, mji huu. Ni haki yake, na nimesaini nikiwa nimenawa mikono. Kazi nafanya popote. Wakili wangu hakuishia hapo. Ukurasa ule utaondolewa kwenye mikataba yote, na barua ya yule msichana imefutwa. Nilimwandikia mwenyewe. Nilimweleza mpaka maana ya kila neno, na ile siku ya plasta sikuiruka.

Na ulisahau kopo la biskuti juu ya meza ya msuluhishi. Najua hukusahau. Fungua pamba. Ni kazi yangu ya kwanza hapa kliniki, daktari ameitia muhuri. Nimeyatia uimara zaidi hapo katikati, lakini si ya kutafunia kalamu.

Mpwa wako,
Fundi

*

Barazani
30 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Meno yamekaa. Mkaza mjomba wako anasema sasa anasikia tena ninachosema na anajuta.

Habari zilifika barazani kabla ya basi langu. Muuza karanga alinipokea na, "Karibu, Mpiga Taipu!" Siku tatu sikuweza kuinua kichwa. Ya nne alikuja kuniomba nimwandikie barua, akasema, "Niandikie fupi, wewe si wakili, usinitie matatani." Nikaandika fupi. Kumbe hata barua fupi hulipa vilevile.

Nikuchekeshe. Leo asubuhi Magego alikuja. Nilikusanya karatasi zangu nikimbie. Akaketi, akasema wapiga taipu wengine wote ni ghali. Ana mfanyakazi mpya, binti wa miaka ishirini, anataka mkataba. "Mwaka mmoja," akasema, "mji huu, na ukiongeza neno nakushtaki."

Nikaandika mstari na nusu. Chini yake pakabaki peupe, mpwa wangu, peupe pakubwa, jua limepapiga. Mkono uliniwasha. Niliukalia.

Halafu nikamwambia siutoi kwenye mashine mpaka mwenye jina aje. Akanung'unika, akamtuma. Binti alikuja na nta vidoleni. Nikamnawisha, nikamsomea yote kwa sauti, polepole. Akaniuliza, "Mzee, na mteja akinifuata yeye mwenyewe bila mimi kumwita?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jibu refu, zuri, lenye usingizi na macho ndani yake. Nikaufunga. Nikamwambia sijui. Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi jina la yule mama anayevua viatu chini ya meza, nyuma ya posta ya huko kwenu, na namba ya simu.

Bado hajasaini; amekwenda kupiga simu. Magego ananuna pale kwenye ngazi. Mimi namsubiri binti, na ule mstari wa jina bado uko mtupu.

Mjomba wako,
mpiga taipu